Kware Mmoja Anayewika Mahali pa Makumi Nane

Mama Rosette, mshauri wetu,

Pokea salamu zangu, na ujue kama leo dunia imegeuka, kwa sababu ni mi niko naomba shauri, mi Mahmudu, mutu ambaye pa kartie, mtaa wetu hapa Baraka, batu banapitaka kwangu kwanza mbele ya kuanza jambo lolote, hata la kuoa. Jina hilo usilisome kwa redio, sema tu "baba mmoja wa Baraka". Na ninaomba msaada wa haraka, juu Alhamisi iko karibu, na Alhamisi ndiyo siku mutoto wa dada yangu atatoa cherehani ya marehemu mama yake ibadilishwe na mashine ya kuangulia mayai, na atafanya vile kwa sababu ya neno lililotoka kwa kinywa changu.

Ngoja nianzie mwanzo ili unielewe vizuri. Mi si mutu wa bure. Nilisoma mpaka darasa la sita, na la saba nililiona kwa dirisha. Ni mi nilitengeneza jenereta ya parokia kwa kusikiliza tu kikohozi chake, wakati fundi wa kutoka Uvira alikuwa ameshaiita maiti, na mi ni Mwislamu, sikuomba hata soda. Ni mi nilimurudisha kiboko ndani ya maji pale Mutambala kwa kumuongelesha kwa heshima sawa vile mutu anaongelesha mukwe wake, na kama hunisadiki uliza shemeji yangu Bahati, alikuwepo, alikuwa juu ya muti.

Basi mwaka jana habari ya kware ikaingia Baraka, wale ndege badogo benye mayai ya madoadoa, wengine banaita kayi, na kila mutu akaanza kusema yai lao moja linashinda matatu ya kuku kwa nguvu, na kama kule Misisi wachimba dhahabu banalitafuta sawa dawa, na mi nikaona wazi kama batu banangoja mutu mwenye kichwa aanze. Nikaenda depo ya Eddy kutafuta kuvezi, ni kusema lile sanduku la kuangulia mayai bila kuku. Eddy alikuwa na tatu. Moja ndogo ya frigolit nyeupe, sawa kile kisanduku cha kubebea samaki wa barafu, nikaona ile ni ya batoto. Ya pili ya mbao, kazi ya seremala wa hapa, inapata moto kwa taa ya petroli, nikasema mi siwezi kurudi nyuma mpaka zamani za babu. Ya tatu, Mama, ilikuwa kubwa, ya rangi ya manjano, ina namba za kuwaka nyekundu, inageuza mayai yenyewe, na ikisikia joto limepungua inalia sawa simu ya mutu mukubwa. Eddy akaniuliza, nyumbani una umeme wa namna gani? Nikamuambia Eddy, we uza, mambo ya umeme niachie. Akataka kunisomea karatasi yake, nikamuambia karatasi iko na maandishi ya Kichina upande mmoja na ya Kifaransa upande mwingine, na mi nitaisoma katikati.

Nikaibeba nyumbani kichwani, mchana, kwa njia ile ndefu inayopita sokoni.

Sasa sikiliza hesabu yangu, na useme mwenyewe kama haikuwa na akili. Yai la kuku linakaa siku makumi mbili na moja, hiyo hata mutoto anajua. Yai la kware ni kama robo ya yai la kuku. Nikapima: yai dogo, siku ndogo, basi siku kumi zinatosha. Na kwangu niko na pano moja ya jua na batri moja, ya taa na redio, haiwezi kulisha mashine kubwa vile mpaka asubuhi. Lakini shemeji Bahati yuko na boti ya ndagala, ni kusema dagaa, na kwa boti kuko na batri nne nzito za zile taa za kuita samaki, na unajua kama mwezi ukikomaa, ndagala haziji kwa taa, bavuvi wote banapandisha boti pa mchanga, banashona nyavu, na batri zinalala tu nyumbani. Siku kumi hivi. Nikaona mayai yanaomba siku kumi, mwezi unatoa siku kumi, nikasema hii ni Mungu mwenyewe amepanga. Nikamuomba Bahati batri zote nne, akanipa, na siku ileile nikaweka mayai makumi nane kutoka Uvira ndani ya kuvezi.

Kidogo tu kulikuwa na shida ya matundu. Vile visahani vya kugeuza mayai vilikuwa vya kuku, yai la kware likiingia ndani linapotea sawa mutoto ndani ya suruali ya baba yake. Nikaweka mawili mawili kwa kila tundu, na katikati nikachomeka karatasi ya boksi. Mashine ikigeuza unasikia ko, ko, ko. Batu banakuja kusikiliza. Nikabaambia ni batoto banabisha hodi.

Siku ya kumi ikafika, hakuna kilichotoka. Bahati ndiye alifika. Akasimama pa mulango na kofia yake ya kazi, akasema, "Shemeji, mwezi umekwisha. Tunaingia ziwani. Nipe batri zangu." Nikamuomba siku mbili. Akasema ndagala hazijui kungoja ndege. Nikamuambia mayai yako karibu kabisa, akauliza kware anakaa siku ngapi ndani ya yai, na palepale ndipo nilikumbuka kama sijawahi kumuuliza mutu yeyote. Alipokwisha kwenda na batri zake nikatafuta ile karatasi ya Eddy. Siku kumi na saba, Mama Rosette. Iliandikwa kwa namba, si kwa Kifaransa wala Kichina.

Kutoka hapo kuvezi ilikuwa na joto jua likiwa juu, na kila asubuhi niliikuta baridi sawa jiwe la mtoni, nyekundu yake imezimika, imelia mpaka sauti imekwisha. Mi mutoto wa ziwa, nilizaliwa hatua hamsini na maji, nikasahau kama mwezi haungoji mutu. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko mayai. Kuua mayai, kila mutu anaweza. Lakini mutu wa Baraka kusahau mwezi, hiyo hata shetani angeona haya kunisingizia.

Muke wangu Sumaya akaja na bakuli ya jikoni. Akafungua kuvezi, akachagua mayai kumi na mbili, akayapeleka jikoni chini ya kuku wake wa kienyeji aliyekuwa analalia. Nikamuambia yule kuku ni muzito, atayavunja. Akanijibu, "Labda. Lakini kuku wangu hana batri ya shemeji." Na kweli kuku alivunja kumi na moja. La kumi na mbili likatoa ndege. Mumoja. Mudogo sawa kidole gumba, lakini nakuambia, Mama, macho yake ni ya simba, na leo amekua, nadhani hakuna kware mukubwa sawa yeye kutoka hapa mpaka Kalemie.

Sasa dhambi yangu ni hii. Siku ileile ametoka, niko namushika ndani ya kiganja, simu ikalia. Ni Ketsia. Ketsia ni binti wa dada yangu Marie, yule aliolewa kule Fizi juu kwa Baprotestanti, akachukua jina lao na dini yao, na akafariki miaka minne iliyopita, na akamuachia binti yake ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Ketsia anashona nayo uniforme za batoto ba shule, na chakula cha nyumba kinatoka mule. Akaniuliza, "Mujomba, bametoka?" Nikamuangalia ndege. Nikasema, "Bametoka." Akauliza, "Bote?" Na mi ulimi wangu, Mama, ulikuwa tayari umevaa viatu, ukasema, "Nani angebaki?"

Basi. Neno halirudi, na hili langu likaanza kuzaa vizuri kuliko mayai. Pa uwanja wa msikiti nikasema makumi nane. Pa bandari nikasema bameanza kutaga. Batu bakauliza mayai, nikasema yote yanapanda pikipiki kwenda Misisi, wachimba dhahabu banayameza na maganda. Wengine bakauliza tena, nikasema wiki hii nimetuma karatoni pa Lusenda kwa wagonjwa. Na ndege mwenyewe ananisaidia, juu ni dume, na kware dume akianza kuwika hanyamazi, yuko nyuma ya pazia ya chumba, anawika asubuhi, anawika mchana, na mutu akipita njiani anasikia sauti anasema, Mahmudu amejaza nyumba. Sauti ya mumoja, lakini ina kazi ya makumi nane.

Na kuvezi haikukosa kazi, usifikiri niliitupa. Sumaya anaumua ndani yake unga wa mandazi jua likiwaka. Na mandazi yamekuwa mazuri, hiyo siwezi kukataa.

Kumbe Ketsia alikuwa anasikia yote kule juu. Wiki iliyopita akashuka, tukakaa, akakula mandazi, akasikia ndege nyuma ya pazia, akacheka kwa furaha, hakuomba kuona, juu mutu anayekuamini haombi kuona. Akaniambia amekwisha kuongea na Eddy. Eddy atachukua cherehani, atamupa kuvezi ya manjano, kubwa, sawa ya mujomba. Siku ni Alhamisi. Nikaanza kukohoa. Nikamuambia mwanangu, kuko hata zingine, ile ndogo ya frigolit si mbaya, hata ya mbao. Akanishika mukono akasema, "Mujomba, zingine mi sizijui. Nataka tu sawa yako, juu yako niliisikia kwa masikio yangu."

Ndiyo ninaomba sasa. Fizi juu kuko baridi, unajua, asubuhi batu banavaa makoti, na kwa nyumba yake kuko pano moja tu sawa yangu, na ziwa liko mbali, hakuna hata Bahati wa kumuazima batri. Nikimuambia usichukue ile, ataniuliza sababu. Nikinyamaza, cherehani ya dada yangu itakwenda, ile ambayo nilimubebea mi mwenyewe kutoka bandarini siku ya harusi yake, kwa muguu, kupanda mpaka Fizi, na ilinyesha. Kwa hiyo nakuomba, Mama Rosette, we unayesoma vitabu: nitajie kuvezi gani nzuri kabisa, ya nguvu, inayoweza kuangua mayai ya kware mahali pa baridi penye pano moja, ili nimuelekeze ile, aangue, afanikiwe, na asijue kama yangu haikuangua. Na kama haiko, niambie nifanye nini.

Na barua hii usiisome mbele ya Alhamisi, juu Ketsia anasikiliza kipindi chako kila Jumatano akiwa anashona.

Mi wako, Mahmudu, anayeheshimika.

Jibu la Mama Rosette

Baba Mahmudu,

Nilicheka mpaka miwani ikaangukia chai. Halafu nikafika pa cherehani, nikaacha kucheka.

Unaniomba mashine. Nitakupa habari ya mashine, usijali, lakini kwanza angalia vizuri ulichoniomba. Unataka kuvezi yenye nguvu mara mbili: iangue mayai ya Ketsia, na tena iangue uongo wako utoke ukiwa kweli. Hiyo ya pili haiuzwi kwa Eddy, wala Uvira, wala Bujumbura. Ingekuwepo, sisi wote tungekuwa nayo nyumbani, na mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mimi si fundi wa ndege. Nilimpigia Alphonse, anayetibu mifugo ya watu huku kwetu na ambaye nyumbani ana kware wa kweli, wanaohesabika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: huyo baba alipima moto wake kabla ya kununua? Nikamwambia alipima yai. Akaniomba nirudie, nadhani alikuwa anakuheshimu.

Alphonse anasema hivi. Mtu hachagui kuvezi kwa rangi wala kwa namba zinazowaka. Anaanza na umeme alio nao yeye mwenyewe, ule usioazimwa, halafu anauliza ni mashine ya ukubwa gani inaweza kula umeme huo siku kumi na saba, na siku mbili au tatu za ziada kwa vifaranga wazembe, hata mawingu yakikaa juu ya milima wiki nzima. Kwa nyumba ya pano moja, na ya baridi kama Fizi, jibu ni ile ile uliyoiita ya watoto: ndogo ya frigolit, ya mayai arobaini au hamsini ya kware, inayokula moja kwa moja kutoka kwenye batri. Frigolit inatunza joto. Ndiyo maana wauza samaki wanaitumia kutunza baridi, Baba, jambo ni lile lile, na wewe unaishi bandarini. Aiweke ndani ya sanduku la mbao, katikati ajaze maganda ya mpunga. Awe na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitenge, na siku batri ikichoka azipange ndani, abadilishe kila zinapopoa.

Visahani viwe vya kware. Ukiona yai linacheza ndani ya tundu, hiyo si mashine yako, na ile ko, ko, ko uliyowaalika watu kusikiliza ilikuwa mayai yanapata ufa. Termometa anunue ya pembeni, aitundike ndani karibu na mayai, asiamini ile ya mashine peke yake; itafutwe nyuzi thelathini na saba na nusu, isipande isishuke. Maji yasikauke kwenye kisahani chake. Mayai yageuzwe mara tatu au tano kwa siku mpaka siku ya kumi na nne, halafu maji yaongezwe na mfuniko ufungwe, asifungue tena hata mjomba wake akija kutazama. Na kabla ya kuweka yai hata moja, mashine ifanye kazi tupu siku tatu, katika wiki ya mvua. Ikishika joto wiki ya mvua, itashika siku zote. Mayai yenyewe yasizidi juma moja tangu kutagwa, na yatoke kwa mtu ambaye madume yake anayajua, maana yai la jike aliyekaa peke yake utalipasha moto mpaka Krismasi.

Hiyo ndiyo mashine. Ni ndogo, na Ketsia ataipata kwa kushona uniforme chache zaidi. Kwa kushona, Baba. Maana yake cherehani haiendi popote.

Sasa wewe. Sitakuonea. Najua ulimi uliovaa viatu ni kitu gani, mume wangu marehemu alikuwa nao, na nyumba yake haikukosa wageni. Najua pia simu ilikukuta na ndege mkononi, na yule ndege alikuwa wa kweli, na furaha yako ilikuwa ya kweli. Ungesema tu "mmoja", Ketsia angecheka na wewe, na mambo yangeishia pale. Lakini kutoka siku ile umefanya kazi kubwa kuliko mashine: umewalisha watu wa Misisi mayai ambayo hayakutagwa, na umewafariji wagonjwa wa Lusenda kwa karatoni ya hewa. Hao wa Misisi hawakukudai kitu, waache. Ketsia ni mwingine. Umeandika mwenyewe kwamba mtu anayekuamini haombi kuona. Soma tena mstari ule, ni mzuri kuliko vyote ulivyoandika, halafu ujiulize kwa nini uliuandika wewe na si mimi.

Unaogopa akikuuliza sababu. Basi sababu ndiyo zawadi yenyewe! Mtu aliyepoteza mayai sabini na tisa anajua mambo ambayo Eddy hajui na karatasi yake haina. Unajua kwamba yai dogo halina siku ndogo. Unajua kwamba batri ya kuazima ina mwenyewe, na mwenyewe ana ziwa lake. Unajua mashine inalia vipi inapokufa. Hapa Baraka nzima hakuna aliyelipia masomo hayo isipokuwa wewe, na unataka kuyaficha nyuma ya pazia pamoja na ndege, ili binti wa Marie ayalipie tena kwa cherehani ya mama yake? Hapana. Mjomba wa namna hiyo hata kiboko asingemwitikia.

Fanya hivi, na usiniletee maelezo. Jumanne alfajiri panda pikipiki, nenda Fizi. Usipige simu, kwa simu tayari tumeona unavyofanya. Mchukue yule kware, mtie kwenye kikapu, mweke mezani mbele ya Ketsia, useme: huyu ndiye, wenzake hawapo, na walipotea kwa sababu nilisahau mwezi. Usiongeze neno. Najua itakuwa vigumu kwako kuliko kusukuma boti peke yako, lakini usiongeze. Usiseme ni mkubwa kuliko wote mpaka Kalemie. Akimaliza kukukasirikia, na atakasirika, ana haki, umpe batri yako ile moja iwe ya pili kwake. Wewe utasikiliza redio kwa jirani. Kisha mshuke wote wawili kwa Eddy, mkavunje yale makubaliano kabla Alhamisi haijafika, na safari hii akianza kusoma karatasi, umwache amalize.

Kuvezi ya manjano usimpe mtu. Sumaya amekwisha kuipatia kazi yake, na kwa maoni yangu katika habari hii yote yeye na kuku wake ndio wawili pekee waliochagua vizuri. Mwambie nimesema hivyo. Na Bahati umpelekee mandazi, maana alikupa batri nne bila kuuliza, akauliza swali moja tu siku ya mwisho, na lilikuwa swali lenyewe.

Limebaki jambo la redio. Umeniomba nisisome barua yako mbele ya Alhamisi. Baba Mahmudu, watu wengi huko juu wanachagua kuvezi wakati huu, na wengi wana pano moja. Nitaisoma Jumatano, saa moja asubuhi, pamoja na jibu hili. Jibu lenyewe nakutumia leo Jumatatu kwa mkono wa Willy wa pikipiki, asiondoke kwako mpaka umelisoma mbele yake. Nimemwambia pia akuwekee nafasi nyuma yake kesho. Jina lako sitalitaja, wala la binti, wala la Eddy. Nitasema "baba mmoja wa Baraka", kama ulivyotaka. Lakini mtu mwenye masikio akisikia kware, pazia, na mjomba aliyebeba cherehani kwa mguu mpaka Fizi mvuani, utajificha wapi? Ukiwa umekwisha kumwambia, mtaisikiliza wawili na mtacheka, na wengine hawatajua mnacheka nini.

Jumatano asubuhi atakuwa anashona, umeniambia. Alhamisi nataka nayo imkute anashona.

Funika kikapu vizuri. Barabara ile ina vumbi, na ndege wako ana kazi ya kuwika mbele yake.

Mama Rosette